Gari Lililomsalimia Mama Mkwe

Jumamosi, tarehe 14 Juni. Ukungu ulilala tangu alfajiri na haukuinuka mpaka karibu saa nne. Baada yake yakaja manyunyu, yale ya baridi yanayoshuka upande wa milima ya Matogoro, hapa kwetu Songea, hayalowanishi nguo lakini yanaingia mpaka kwenye mifupa.

Leo gari la marehemu mume wangu limeondoka. Naandika sasa hivi, kabla sijaanza kulipamba kichwani, maana najijua. Nikikaa na jambo siku mbili linabadilika, mimi nakuwa mwema zaidi na wengine wanakuwa wabaya zaidi. Shule yangu iliishia darasa la saba. Nikikosea mpangilio, basi ndivyo ninavyokumbuka.

Lilikuwa steshen wagon jeupe, la Kijapani, na kampuni iliyolitengeneza sitaitaja kwa sababu mengi nitakayosema juu yake ni ya kusikia. Mume wangu alilifuata mwenyewe Dar es Salaam lilipotoka melini. Kazi yake ilikuwa dereva wa kukodi. Alipeleka maharusi kanisani, wagonjwa hospitali ya Peramiho, wafanyabiashara Tunduru, na maiti pia, kama familia haina namna.

Alipenda sana kusimulia habari za ile kampuni. Alisema haikuanza na magari, ilianza na mashine za kufumia nguo. Kulikuwa na kijana wa kijijini huko Japani, mama yake alikuwa anafuma kwa mkono mchana kutwa mpaka mgongo unagoma. Kijana akachukua mbao, akamtengenezea mama mashine ya kumpunguzia kazi. Mashine ile ikazaa mashine nyingine, zikazaa kiwanda, kiwanda kikazaa magari. Hadithi hiyo aliisimulia hasa mbele ya mama yake, ambaye tunaishi naye hapa nyumbani.

"Huyo alimjali mama yake," mama mkwe alikuwa anasema.

"Na mimi nimekuletea mashine hiyohiyo, mama. Ila hii haifumi, inakunywa petroli."

Baadaye nilimwuliza mwalimu mkuu mmoja mstaafu, jirani yetu, kama ni kweli. Akasema ni kweli, lakini zipo kampuni mbili za Kijapani zenye historia ya kufanana, na hajui marehemu alisoma ya ipi. Kwa hiyo naandika hivyo. Huenda ni ile, huenda ni nyingine. Mama wa kufuma yupo.

Sasa jambo lenyewe. Gari lile lilikuwa linaongea. Ukizungusha ufunguo, kabla injini haijashika, sauti ya mwanamke inatoka mbele, karibu na usukani. Sauti nyororo, yenye adabu, maneno machache ya Kijapani, halafu kimya. Siku ya kwanza mama mkwe alikuwa kiti cha nyuma, tunataka kwenda misa. Alishtuka akanishika goti.

"Nani huyo?"

"Mwenye gari, mama," mume wangu akasema. "Anakusalimia. Anasema shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Huko kwenu hawajambo?"

"Hawajambo, mama. Baridi tu, kama hapa."

Tulicheka mpaka kanisani. Lakini tangu siku hiyo ikawa ndiyo desturi. Hakuna aliyeondoka na gari lile mama mkwe akiwemo bila yule mwanamke kusema yake, na mama mkwe kuitika. Kwetu hapa salamu haiachwi njiani. Mtoto asiyesalimia anarudishwa mlangoni aingie upya, na mkubwa asiyeitikia anaulizwa kama anaumwa.

Kulikuwa na saa pia, ya tarakimu, kwenye redio. Ilikuja na majira ya Japani na mume wangu hakuigeuza. Ikiwa saa moja asubuhi hapa kwetu, ile ilisoma moja. Ikiwa saa mbili, ilisoma mbili. Alikuwa anawaonyesha abiria, "Mnaona? Wajapani wanahesabu saa kama sisi, siyo kama Wazungu." Abiria wanakubali. Na mimi nilikubali. Ni yule mwalimu mstaafu aliyekuja kunieleza kwamba wao hawahesabu kama sisi hata kidogo. Jua lao linatutangulia tu, na tofauti imeangukia palepale. Nilipoelezwa, mume wangu alikuwa ameshafariki, sikuwa na wa kumbishia. Nilijisikia vibaya, kama vile nimemsengenya.

Alifariki mwaka jana, mvua zikiwa zinaisha. Alikuwa anarudi kutoka Tunduru, peke yake, mchana. Waliomkuta walisema gari lilikuwa pembeni kabisa mwa barabara, breki ya mkono imevutwa, taa za tahadhari zinawaka na kuzima, na yeye amekaa ameegemea kiti. Daktari alisema ni moyo. Gari halikuwa na mkwaruzo. Nalisema hili kwa haki ya gari na kwa haki ya waliolitengeneza, kwa sababu mtaani wapo wanaosema gari ndilo lililomuua. Halikumuua. Alikuwa anakufa, na bado alilisimamisha vizuri kuliko wazima wengi wanavyosimamisha.

Tulizika. Kesho yake askari mmoja akatuletea gari. Uwanja ulikuwa umejaa watu, mama mkwe amekaa kwenye mkeka katikati ya wanawake. Askari akalisimamisha kando ya jiko, akazima, akataka kushuka. Akaona kioo hakijapanda, akazungusha ufunguo tena ili akipandishe. Yule mwanamke akasema.

"Marahaba, mwanangu," mama mkwe akaitika.

Hakuna aliyecheka. Mwanamke aliyekuwa jirani yangu alinishika mkono akaubana. Askari alinipa ufunguo bila kuniangalia usoni.

Baada ya hapo sijui nieleze vipi bila mtu kuona kwamba nyumba yetu ilichanganyikiwa. Haikuchanganyikiwa. Mama mkwe alikuwa anapika, anasali rozari, anawagombeza kuku, anajua siku na bei ya sukari. Ila kila asubuhi, akishanawa uso, alikwenda kwenye gari, akafungua mlango wa nyuma, akakaa mahali pake, akangoja. Mimi nikaja na ufunguo. Nikazungusha. Sauti ikasema. Akaitika. Akakaa kidogo, akashuka, siku ikaanza.

Mwanzoni nilidhani ni ya msiba tu, itaisha baada ya arobaini. Haikuisha. Kuna asubuhi za baridi nilikuta kioo cha upande wa dereva kimeingia ukungu kwa ndani, hicho kimoja tu, kama mtu amekaa humo anapumua. Fundi alisema mpira wa mlango ule umechoka, unaingiza unyevu. Namwamini fundi, anajua kazi yake. Lakini nilikuwa nakifuta haraka kabla mama mkwe hajatoka, na nilikifuta bila kukitazama.

Asubuhi moja nikazungusha ufunguo, kimya. Nikazungusha tena. Hata taa hazikuwaka. Saa ya redio ilikuwa nyeusi.

"Amelala?" mama mkwe akauliza kutoka nyuma.

"Ni betri, mama."

"Basi tumwache alale."

Akarudi ndani, akapanda kitandani na khanga yake, akageukia ukutani. Uji hakuunywa. Chakula cha mchana hakukigusa. Jioni nikamwita fundi, akachaji betri, akaifunga. Saa ikaanza upya kutoka moja, na yeye kwa kutaka kunisaidia akaiweka sawasawa na simu yake, kwa namba za Kizungu. Ikawa inasoma sita wakati ni saa kumi na mbili. Sikumwambia airudishe. Ningemwelezaje? Mama mkwe aliposikia sauti alikuja akaitika kupitia dirishani, akala.

Hapo ndipo nilipoelewa ukubwa wa jambo. Gari likiondoka, mama huyu atafiwa mara ya pili, na safari hii ni mimi nitakayekuwa nimelitoa.

Na kuondoka lilikuwa lazima liondoke. Baada ya misa ya mwaka, wakubwa wa ukoo walikaa. Hakuna anayeendesha hapa nyumbani, binti yangu anatakiwa kwenda kusomea uuguzi, na panya walishaanza kutafuna nyaya. Shemeji yangu mkubwa alisema maneno ambayo siku ile yaliniuma, na leo naona alikuwa na haki ya kuyasema.

"Shemeji, gari likilala linaoza. Na mama anaoza nalo."

"Mwambie wewe, basi," nikamjibu.

"Mimi?" Akacheka kwa aibu. "Mimi mtoto wake. Wewe ndiye unayeshika ufunguo. Ila sikiliza, lisitoke kabla mama hajakubali kwa mdomo wake. Likitoka kwa nguvu, mimi simo."

Mnunuzi akapatikana bila kutafutwa, mtu wa Nalasi, kule Tunduru, mfanyabiashara wa korosho, mtu mzima mwenye ndevu nyeupe kidogo na kofia safi. Aliwahi kubebwa na mume wangu. Alipokuja mara ya kwanza nilimpokea uwanjani, na kabla hajafungua chochote nikamwambia.

"Baba, kabla hujatazama injini. Mwenyewe alifia humu. Kwenye kiti hicho cha dereva."

Mkono wake ulikuwa kwenye kitasa. Akauondoa taratibu. "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," akasema. Kisha akanitazama. "Mama, magari haya yote tunayonunua yameshakuwa ya mtu. Tofauti ni kwamba wa gari hili mimi namjua, na alikuwa mtu mzuri. Sasa niambie, gari lenyewe likoje? Kampuni hii watu wanaisemaje huku kwenu? Sisi kule tuna ya kampuni nyingine."

Nikamwambia mimi siendeshi, sitaki kumwambia uongo kwa kutojua, anipe muda niwaulize wenye nayo.

Niliwauliza watatu. Nimejitahidi kuandika walivyosema, wema na ubaya.

Mwalimu mstaafu analo dogo la kampuni hiyo, la siku nyingi. Alisema injini yao haina maneno. "Shida, binti yangu, ni vipuri vya madukani. Unauziwa kitu kimeandikwa jina lao, kumbe kimetengenezwa uchochoroni sijui wapi. Kikivunjika watu wanasema Mjapani mbaya. Mjapani hayumo."

Muuza nyama ana pikapu yao. Alikuwa anakata mifupa huku anaongea, ikabidi ninyanyue sauti.

"Mbaya!" akasema. "Andika mbaya. Inakunywa petroli kama mtu aliyetoka jela."

"Sasa mbona huuzi?"

"Niuze nibebee nini ng'ombe? Mgongoni kwako?" Akapiga panga. "Haijawahi kunilaza njiani, hilo nalo liandike. Lakini mbaya."

Wa tatu ni muuguzi wa Peramiho. Yeye alisema gari lake liko chini mno, limetengenezewa barabara za lami tupu, na kila akienda kijijini kwao mawe yanapiga tumbo la gari anasikia uchungu kama ni lake. "Siwalaumu. Hawakumtengenezea mtu wa kwetu. Walimtengenezea mtu wa kwao, sisi tumerithi." Halafu akafungua kisanduku cha mbele cha gari na kunionyesha kiatu cha mtoto mdogo, cha kitambaa, cha mguu mmoja. Alikikuta chini ya kiti alipolinunua.

"Na bado unacho?" nikamwuliza.

"Nikitupe wapi? Yule mtoto siku hizi labda ni mtu mzima, labda hayupo. Nikikitupa ni kama nimemtupa mimi."

Nilitembea mpaka stendi nikiwaza kiatu kile. Nilikuwa nimejiona ni mimi peke yangu mwenye gari lenye mtu.

Mnunuzi nilimpigia simu nikamweleza yote, petroli, mawe, vipuri. Akasema nimemwuzia vizuri kuliko dalali. Akasema atalichukua. Nikamwambia bado mama mkwe.

Hapo ndipo nikapata wazo ambalo mpaka leo sijui kama lilikuwa la huruma au la ujanja. Nilimwita fundi nikamwuliza ile sauti inatoka wapi hasa. Akainama chini ya usukani, akanionyesha kidude kidogo cheusi.

"Hiki. Ni cha kulipia barabara za kwao. Kule unaweka kadi, geti linafunguka. Huku hakuna kadi, basi kila ukiwasha anakukumbusha kwamba kadi haijawekwa. Ni hayo tu, mama. Nimeviondoa vingi, watu wanasema vinawachosha."

"Kinaweza kuongea nje ya gari?"

Akaniangalia. "Kikipata umeme. Betri ya pikipiki inatosha."

Basi tukafanya. Fundi akakichomoa, akakifunga kwenye betri ya pikipiki, akakiweka mezani sebuleni juu ya kitambaa cha kufuma, chini ya picha ya mume wangu. Nikamwita mama mkwe, nikamkalisha kwenye kochi. Fundi akaunganisha waya. Yule mwanamke akasema maneno yake yaleyale, kwa adabu ileile, ila mle ndani ya nyumba sauti ilikuwa ndogo na kavu.

Mama mkwe hakuitika. Aliinama akakitazama kile kidude.

"Anasemaje?" akaniuliza.

Fundi alinikonyeza niseme shikamoo. Sikuweza. "Fundi anasema ni habari za kadi, mama. Kwamba kadi haijawekwa."

"Najua."

"Unajua?"

"Unanionaje wewe, mjinga? Mwanangu aliniambia zamani. Tulikuwa wawili tu, ananipeleka Peramiho kwenye macho. Nikamwuliza, hivi huyu binti kweli ananisalimia? Akasema, mama, huyu anadai kadi. Shikamoo ni mimi. Akasema mwanaume mwenye ndevu akimwamkia mama yake kila akiwasha gari watu watasema bado ananyonya, kwa hiyo namtuma huyu." Alinyoosha khanga yake magotini. "Kule kwenye gari nilikuwa najua nani anasema. Hapa mezani ni nani?"

Fundi akachomoa waya.

"Kirudisheni," mama mkwe akasema. "Msiwe mnatoa watu ulimi."

Fundi akakirudisha siku ileile. Mambo yakabaki pale. Kila asubuhi kiti cha nyuma, ufunguo, sauti, marahaba. Nikamwambia mama mkwe wazi kwamba mnunuzi yupo, ni mtu wa Nalasi, na wakubwa wamesema bila yeye kukubali halitoki. Akasema amesikia. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Mnunuzi alipopiga simu kwamba anakuja Songea kwa shughuli zake Jumamosi, nikamwambia aje, ila asihesabu kitu.

Leo asubuhi mama mkwe alikwenda kwenye gari kama kawaida. Nikazungusha ufunguo, akaitika. Lakini hakushuka. Ukungu ukainuka, manyunyu yakaanza, yeye yumo ndani. Binti yangu akampelekea chai, akaipokea kupitia dirishani akanywa humohumo. Nikaona basi, jibu ndilo hilo.

Mnunuzi akafika kwa miguu, amejifunika koti la mvua. Akapiga hodi, nikamkaribisha, nikamwonyesha kwa macho tu. Akaelewa. Akaenda mpaka kwenye dirisha la nyuma.

"Shikamoo bibi."

Mama mkwe alimtazama kofia, akamtazama uso. "We Myao?"

"Myao halisi, wa Nalasi."

"Umekuja kuiba."

"Nimekuja kuchukua, mtani. Kuiba mnajua nyinyi Wangoni. Mlipokuwa mnakuja kwetu enzi hizo, mlipiga hodi?"

Utani wa Wayao na Wangoni upo, wanatukanana misibani na kwenye arusi na hakuna anayekasirika, ila tangu tufiwe hakuna mtani aliyewahi kumkaribia mama mkwe na maneno kama hayo. Wote tulikuwa tunamzungumzia kwa sauti ya chini, kama mgonjwa.

"Kama tungepiga hodi," mama mkwe akasema, "nyinyi mngefungua? Waoga wakubwa."

"Tungejificha ghalani, kweli kabisa." Akachuchumaa pale kwenye matope ili uso wake uwe sawa na dirisha. Manyunyu yalikuwa yanamwangukia kofia. "Sasa mtani, sikiliza. Nyumba yenye msiba, mtani ana haki ya kuingia akachukua anachotaka. Unakataa?"

"Sikatai."

"Mimi nataka gari. Lakini wewe umo ndani. Nikiwasha nakwenda na wewe, nakufikisha Nalasi, wake zangu wanakukalisha na gunia la korosho unabangua mpaka meno yako mawili yaliyobaki yaanguke."

"Matatu," mama mkwe akasema, akacheka.

Sijamsikia akicheka tangu mwaka jana. Kicheko kilianza kama kikohozi, kikamtikisa mabega, kikaishia machoni, akawa anajifuta kwa pindo la khanga. Yule mtu alibaki amechuchumaa vilevile, anangoja, na magoti ya watu wazima tunayajua. Naamini yalikuwa yanamwuma.

Mama mkwe akanigeukia mimi. "Mgeni akiondoka hapa kwetu anafanywaje?"

"Anasindikizwa, mama."

"Basi nipe mkono nishuke. Haondoki peke yake kama mbwa."

Nimeandika maneno yake kama yalivyo kwa sababu shemeji ataniuliza. Ndiyo hayo. Nilimwuliza tena, "Kwa hiyo umekubali, mama?" Akasema, "Nimesema nasindikiza. Unataka niseme mara ngapi?"

Gari lile ni otomatiki, ukiachia breki linatambaa lenyewe. Mnunuzi akaingia, akarekebisha kiti, na kile kiti kilipolia kwenye reli zake nikatazama pembeni. Akawasha. Yule mwanamke akasema yake. Mama mkwe alikuwa nje, kwenye dirisha la dereva, na sikusikia kama aliitika, kwa sababu injini ilishika papo hapo. Binti yangu anasema aliitika. Mimi sina hakika, na sitaandika nisichokisikia.

Tukatoka uwanjani hivyo. Gari linatambaa, mama mkwe anatembea kando yake upande wa dereva, kiganja kwenye ukingo wa dirisha lililoshushwa, sisi wawili nyuma. Njia yetu mpaka barabara ya lami si ndefu lakini kwa mwendo ule ilikuwa safari. Watu walitoka milangoni. Mwanaume mmoja aliyekuwa anapita na baiskeli akashuka akavua kofia, nadhani alifikiri kuna mwili ndani. Hatukumsahihisha.

Mama mkwe alikuwa anaongea njia nzima, nami nikasogea nisikie. Nilitazamia maneno ya kuaga. Kumbe alikuwa anamweleza yule mtu tabia za gari. Kila asubuhi alitazame maji kabla ya yote. Kilimani asilikimbize, linataka kuombwa. Mlango wa nyuma wa kushoto haufungi mpaka uunyanyue kidogo. Kwenye mashimo liende polepole, liko chini tumbo. Likilia upande wa mbele kulia siyo ugonjwa, ni sauti yake, mwanangu alilipeleka kwa mafundi watatu wakakosa kitu. Petroli halinywi sana, anayesema linakunywa ana mguu mzito. Mimi niliyezunguka mji mzima kuwauliza wenye magari, mwenye gari nilikuwa naye nyumbani na sikumwuliza.

"Nimesikia, mtani," yule mtu alikuwa anajibu kila neno. "Nimesikia."

Tulipofika kwenye lami likasimama. Mama mkwe hakuingiza mkono ndani, hakugusa usukani. Alilipiga bati la mlango kwa kiganja mara moja, kama unavyompiga ng'ombe anayeuzwa ili aanze kwenda.

"Haya."

Likaenda. Yeye ndiye aliyegeuka wa kwanza. Mimi nilibaki nimesimama nikilitazama mpaka kwenye kona, na nakiri kwamba nilimwona mume wangu kwenye usukani, bega lake la kulia limeshuka kidogo kama alivyokuwa anakaa. Labda ni ndevu nyeupe, labda ni kioo cha nyuma kilicholowa. Sijasema kwa mtu na sitasema.

Tuliporudi uwanjani kulikuwa na mahali gari liliposimama, pakavu, pa vumbi, pana umbo lake lilelile katikati ya udongo uliolowa. Kuku walikuwa wamesimama hapo, hawajui waende wapi. Mama mkwe alisimama ukingoni akapatazama. Nilidhani atalia. Akaniambia nimletee jembe la mkono, panafaa matuta ya mboga, pana kivuli cha ukuta. Nikamwambia mvua ikatike kwanza. Akasema haya. Manyunyu yaliendelea, na kufikia jioni pale pamelowa sawa na kwingine, huwezi kujua palianzia wapi.

Kesho asubuhi akishanawa uso sijui atakwenda wapi. Nimelifikiria hilo mchana kutwa. Ufunguo nimeutoa, na mkono wangu bado unautafuta kwenye mfuko wa gauni.

Jioni alisema atapika yeye. Tumekula ugali wa dona, dagaa wa Nyasa aliowakaanga kwa nyanya na kitunguu, na majani ya maboga yaliyoungwa kwa karanga. Chumvi ilizidi kwenye dagaa. Tumewamaliza.